Kokoti ya fonti: uchukue ya 22, 24, 28 au 30?

Geuza kifuniko cha kokoti ya fonti ukitazame kwa ndani. Mara nyingi utakuta namba imetokeza kwenye chuma: 22, 24, 26, 28. Wengine wanaisoma kama lita, na kuna wauzaji wanaokuapia kwamba ni idadi ya watu watakaoshiba. Ni sentimita za upana wa mdomo, basi. Lakini hiyo namba ndiyo itakayoamua kama maharagi yatafurika, kama mbabula, yaani jiko la makala (makaa), itahimili, na kama utaweza kuishusha motoni peke yako.

Tunazungumzia ile sufuria nzito ya chuma cha kusubu iliyovikwa enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya chuma kwenye tanuri la nyuzi 800 hivi mpaka ukashikamana nacho. Kwa sababu ya hicho kioo haipati kutu na haibadilishi ladha ya nyanya wala ndimu. Hutaipata kwa urahisi madukani Goma. Nyingi zinakuja kwa mitumba, kwa ndugu walio Ulaya, au kwa mtu anayehama anayeuza vyombo vya nyumba. Ndiyo maana ukubwa unaopatikana ni wa bahati, na ndiyo maana watu wanachukua ya kwanza waliyoiona halafu wanajuta.

Jambo moja la kuondoa njiani kwanza. Kokoti hii si kokoti minuti, yaani sufuria ya presha. Kifuniko chake ni kizito, kinazuia mvuke usipotee, lakini hakileti presha. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 95, si 100. Maharagi yanachelewa kwa sababu hiyo, na uzito wa chuma hauwezi kubadilisha kitu. Anayetafuta maharagi ya haraka na makala kidogo anunue ya presha. Fonti inafaa kwa kitu kingine: moto mdogo uliotulia kwa muda mrefu, nyama inayolainika yenyewe, sombe (majani ya muhogo) isiyoshika chini, na chakula kinachobaki cha moto mezani.

Vitu vitano vya kupima kabla ya kulinganisha

Cha kwanza ni ujazo wa kweli. Namba ya mdomo haitoshi, kwa sababu watengenezaji hawafanani: Le Creuset ya sentimita 24 inachukua lita 4.2, Staub ya 24 hiyohiyo inachukua 3.8. Zinazotoka Marekani huandikwa kwa kwati, na kwati moja inapungukia lita kidogo tu. Ukiwa sokoni na hujui, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu uijaze nayo ukihesabu. Kisha kumbuka kwamba ujazo wa ukingoni si ujazo wa kupikia. Chakula kinachotoa povu kinataka robo ya sufuria ibaki tupu.

Cha pili ni upana wa chini, kwa ndani, pale nyama inapokaangiwa. Mara nyingi unapungua mdomo kwa sentimita 4 au 5. Hapa ndipo watu wanadanganyika: kokoti ndefu na nyembamba inaweza kuwa na lita nyingi, lakini ikakaanga kama kikombe.

Cha tatu ni moto wako. Fonti haisambazi joto upesi kama alumini. Inapopigwa na moto katikati, katikati inaungua na pembeni bado kunasubiri. Sahani za resho la umeme nyingi zina upana wa sentimita 14.5 au 18, na kwenye majiko makubwa ni 22. Mbabula nazo kila moja ina mdomo wake, basi chukua rula upime. Kama chini ya kokoti kunazidi moto kwa zaidi ya sentimita 2 kila upande, tegemea chakula kisichoiva sawa.

Cha nne ni uzito ikiwa imejaa. Lita moja ya mboga ni kilo moja hivi. Ongeza kilo za chuma. Hesabu hiyo ifanye kabla, kwa sababu sufuria ikishachemka ni kuchelewa.

Cha tano ni makala ya kupasha chuma chenyewe. Kilo 5 za fonti, kutoka baridi ya asubuhi hadi kuchemka, zinakula joto sawa na nusu lita ya maji. Kwa nyama ya masaa matatu hiyo si kitu. Kwa mayai mawili ya chai ya asubuhi ni hasara tupu.

Vipimo vya jedwali hili ni vya kokoti za mviringo za kawaida. Yako inaweza kupanda au kushuka kidogo.

| Mdomo | Ujazo hadi ukingoni | Uzito mtupu, na kifuniko | Maharagi makavu kwa mpiko mmoja | Watu kwa mlo wa kila siku |
|---|---|---|---|---|
| sm 22 | lita 3.3 | kilo 3.5–4 | gramu 350 | 2–3 |
| sm 24 | lita 4.2 | kilo 4–4.7 | gramu 500 | 4–5 |
| sm 26 | lita 5.3 | kilo 5–6 | gramu 700 | 5–6 |
| sm 28 | lita 6.7 | kilo 6–7 | kilo 1 | 7–8 |
| sm 30 | lita 8.4 | kilo 7–9 | kilo 1 na robo | 9 na zaidi |

Safu ya maharagi haikutokana na kukisia. Kilo moja kavu ikishalala kwenye maji usiku inavimba na kujaza karibu lita 3. Ukitaka maji yapite juu kwa sentimita 5 kuanzia mwanzo, unaongeza zaidi ya lita 2. Ndiyo maana kilo moja inaijaza ya 26 mpaka mdomoni, na povu la kwanza linazima makala. Unaponunua kwa kopo la maziwa la Guigoz, lipime mara moja kwenye mzani wa dukani uandike uzito wake. Makopo hayajazwi kwa mkono mmoja.

Sentimita 22

Lita 3.3, na za kupikia kweli ni 2 na nusu. Chini yake ni kama sentimita 18, na hilo ndilo jambo lake zuri kuliko yote: inalingana kabisa na sahani ya resho ya 18, na inakaa sawasawa juu ya mbabula ndogo ya bati bila kuyumba. Ikiwa imejaa haifiki kilo 7, hata kijana wa shule anaishusha.

Inapika nusu kilo ya mchele vizuri kuliko ndugu zake wakubwa. Wali unataka kina. Ukiweka nusu kilo hiyo kwenye ya 28, wali ulioiva unakuwa tabaka la sentimita 3 tu, maji yanakauka upesi, chini panashika huku punje za juu zikiwa bado na moyo mgumu. Kwa sambaza, wale samaki wadogo, pia inabana mafuta: kupata kina cha sentimita 3 unatumia robo tatu ya lita. Unakaanga kwa mafungu madogo, lakini chuma kinashika joto, mafuta hayapoi kila ukitupa samaki, na sambaza zinatoka kavu badala ya kunywa mafuta.

Inashindwa kwenye majani. Sombe iliyotwangwa inapochemka mara ya kwanza inapanda kama maziwa. Tena katika mchemko huo wa kwanza kifuniko kinatakiwa kiwe wazi, ili ile sumu ya majani ya muhogo, ambayo kutwanga kumeshaifungua, itoke na mvuke. Kwenye 22 wazi hivyo, mtu hatoki jikoni. Kuku mzima naye anaingia kwa kubanwa, mgongo unagusa kifuniko.

Ni ya mtu anayeishi peke yake, bibi na bwana wasio na wageni wengi, au nyumba iliyo na sufuria kubwa tayari na inatafuta ya mboga ya pembeni.

Sentimita 24

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ni kati ya hii na ya 28 ndipo watu wengi wanakwama.

Ujazo ni lita 4.2, lita 3 na kidogo za kutumika. Chini ni sentimita 20 hivi. Ikiwa na chakula inafika kilo 7 na nusu hadi 8, karibu na nusu ya bidoni ya maji ya lita 15, na hapo mtu mzima anaibeba kwa vitambaa viwili bila kusimama njiani. Resho ya 18 inaitosha. Mbabula ya kawaida inaitosha.

Angalia nyama ya ng'ombe, kilo moja, vipande vya sentimita 4. Ukivipanga vikigusana vinachukua eneo la sentimita za mraba 250. Lakini vikigusana havikaangiki, vinatoa maji na kuchemka kwenye maji yake, rangi inakuwa ya kijivu, na mchuzi unakosa ile ladha ya kuungua kidogo. Vinahitaji nafasi, yaani sentimita za mraba 400 na zaidi. Chini ya kokoti ya 24 kuna kama 314. Kwa hiyo kilo moja ni mafungu mawili: nusu kilo, dakika 4 au 5 kila upande bila kugusagusa, toa, weka nusu ya pili. Ni dakika 10 zaidi, na kama makala yamepamba moto hutazijali. Baada ya hapo kitunguu, nyanya, maji ya moto vikombe viwili, kifuniko, na nyama yote inakaa humo kwa raha.

Mchele wa kilo moja unaiva humo bila shida. Kuku wa kienyeji wa kilo 1 na robo anakaa mzima na birayi (viazi) pembeni. Sambaza zinataka lita moja ya mafuta kwa kina kilekile cha sentimita 3. Sombe ya kilo moja iliyotwangwa inaingia, lakini uwe karibu nayo robo saa ya kwanza.

Udhaifu wake unaonekana siku wageni wanapofika. Watu wanne wakiwa saba, hakuna ujanja: unapika mara mbili au unaenda kuazima. Wengine wanaijaza mpaka mdomoni na kusema "itashuka". Haishuki kabla ya kumwagika, na mchuzi wa mawese ukimwagikia makala unawaka.

Inafaa nyumba ya watu wanne au watano, anayepikia resho, na yeyote ambaye mikono au mgongo wake haupendi mizigo.

Sentimita 26

Ya katikati, na inabeba faida na kasoro za pande zote mbili. Inatoa lita 4 za kupikia, chini ni sentimita 21 au 22, kilo 9 hadi 10 ikiwa na chakula. Kwenye sahani ya resho ya 18 inaanza kuzidi moto. Bado inavumilika kwa vitu vya majimaji, lakini si kwa kukaanga. Maharagi gramu 700. Kama nyumba yako ina watu watano au sita na mbabula yenye mdomo mpana, usisumbuke na sehemu mbili zilizobaki, chukua hii.

Sentimita 28

Lita 6.7. Hii ndiyo sufuria ya familia ya Kivu kama wengi tunavyoijua, wazazi, watoto watano na shangazi aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwezi. Kilo moja ya maharagi makavu inaingia na maji yake yote. Sombe kilo moja na nusu na makayabu (samaki wa chumvi) yake inachemka bila kutishia kumwagika. Nyama ya kilo moja inakaribia kukaangika kwa fungu moja, kwa sababu chini kuna zaidi ya sentimita za mraba 430.

Sasa upande mwingine. Tupu ina kilo 6 hadi 7. Weka lita 5 za maharagi, unafika kilo 12. Ibebe ikiwa na mvuke, kutoka mbabula iliyo chini uani, ukiinua kwa kuinama: huo ndio mzigo wa kila jioni. Mbabula ya bati jepesi, yenye mafiga matatu yaliyochomelewa haraka, inaanza kuinama baada ya wiki chache. Ile ya udongo ndani inavunjika mdomo kama unaishusha kokoti kwa kuibwaga. Kabla ya kununua fanya jaribio hili: weka bidoni yenye maji lita 12 juu ya mbabula yako ikiwa baridi, uisukume taratibu kwa kidole. Ikicheza, unahitaji mbabula nyingine kwanza, na hiyo iingie kwenye bajeti.

Kuna tatizo la pumzi pia. Sehemu yake ya chini, yenye sentimita 23 au 24, inafunika mdomo wa mbabula ndogo kama kizibo. Makala yanakosa hewa, yanatoa moshi, yanakufa. Kati ya chuma na ukingo wa mbabula lazima pabaki upenyo wa kidole kimoja. Na hewa mbaya ya makala yanayokosa pumzi haina harufu na inaua, kwa hiyo maharagi ya masaa matatu yapikwe nje au kwenye baraza, si chumbani mlango umefungwa kwa sababu ya mvua.

Kwenye resho ya 18, kokoti ya 28 ni bure. Katikati panachemka, pembeni pana joto la chai. Kama jiko lako ni la umeme peke yake, iache, hata ukipewa kwa nusu bei. Kwenye gesi yenye taji pana inakwenda vizuri.

Kosa jingine ni kuitumia ikiwa karibu tupu. Mboga ya watu watatu humo ni kina cha sentimita mbili na nusu, mchuzi unakauka kabla nyama haijalainika, unaongeza maji, unakauka tena. Anayepikia watu saba Jumapili na watatu siku nyingine sita, hii si yake.

Sentimita 30 na kuendelea

Lita 8.4, chini kunakaribia sentimita 26, na ikijaa inafika kilo 14. Inapika kweli: mbuzi, ndizi na nyama kwa ukoo mzima, maharagi ya kilo moja na robo. Lakini inataka mafiga ya mawe au mbabula kubwa ya chuma kinene, watu wawili wa kuishusha, na subira mwanzoni, kwa sababu chuma peke yake kinakula joto la robo tatu ya lita ya maji au zaidi kabla chakula hakijaanza. Kwa kukaanga sambaza inataka lita moja na nusu ya mafuta, jambo ambalo ni la mfanyabiashara zaidi kuliko la nyumbani.

Kwa matanga na harusi haitoshi hata hivyo. Huko bado ni sufuria kubwa za alumini, na hakuna sababu ya kushindana nazo. Anayefaidika na ya 30 ni nyumba ya watu tisa na zaidi kila siku, au mama anayeuza chakula cha mchana anayetaka kibaki cha moto: ikitolewa motoni ikiwa imejaa na kufunikwa inabaki ya moto muda mrefu, na hapo ule uzito unalipa.

Vipi kuhusu zile za umbo la yai?

Ni nzuri kwa kuku mzima au tilapia mrefu, na zimetengenezwa kwa kufikiria tanuri. Mbabula na resho ni mviringo. Ncha mbili zinabaki nje ya moto. Kama huna tanuri, chukua ya mviringo.

Ukiwa mbele ya muuzaji

Ukubwa ukishaamuliwa, tazama enameli ya ndani kwenye mwanga wa jua. Ikiwa imebanduka ndani, hata mahali padogo kama punje ya mchele, acha. Palipobanduka panaendelea kubanduka, na vipande ni vioo vinavyoingia kwenye chakula. Iliyobanduka ukingoni kwa nje inavumilika: kausha vizuri kila mara na upake mafuta hapo. Weupe wa ndani uliogeuka kahawia si ugonjwa. Ining'inize kwa sikio moja uigonge taratibu kwa kijiko cha mti: ikilia kama kengele ni nzima, ikitoa sauti ya kufa ina ufa. Weka rula chini yake, isiwe na tumbo. Funika, kisha bonyeza kifuniko upande mmoja. Kikicheza kama meza yenye mguu mfupi, mvuke wote utatokea hapo.

Tazama pia kinundu cha kifuniko. Vile vyeusi vya plastiki ngumu vinateseka moto wa makala unapopanda pembeni, hasa kwenye kokoti ndogo juu ya mbabula pana. Vinafunguliwa kwa bisibisi, na unaweza kufunga cha chuma.

Rangi haibadilishi mapishi. Ile ya chungwa ambayo Le Creuset ilianza nayo mwaka 1925, ikianzishwa na Wabelgiji wawili huko kaskazini mwa Ufaransa, jina lake ni Volcanique, yaani ya volkano. Mtu wa Goma anaweza kuona hilo jina limekuja kwenye mji wake.

Kinachoziharibu, kubwa na ndogo

Moto mkali kwenye kokoti tupu ndio unaoongoza. Enameli na chuma havitanuki kwa kasi moja. Vikistushwa, kioo kinapasuka nyufa nyembamba kama utando wa buibui. Anza na makala machache, weka mafuta au maji mapema, ngoja dakika 5 hadi 8 kwa ya 24 na zaidi ya 10 kwa ya 30, ndipo uongeze moto. Ikishachemka, toa theluthi ya makala au yafunike kwa majivu. Chuma kitaendeleza.

Maji ya kuongeza yawe ya moto, daima. Kikombe cha maji baridi kwenye kokoti iliyokauka chini ndicho kinachomaliza nyingi. Usiishushe kwenye saruji iliyolowa, weka ubao au ngata. Na usiweke makala juu ya kifuniko kwa ajili ya kuoka. Hilo ni la fonti tupu isiyo na enameli.

Mazoea ya kusugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka ing'ae yaishie kwenye alumini. Hapa palipoungua palowe kwa maji ya uvuguvugu, au chemsha maji na vijiko viwili vya bikarbonati kwa dakika 10, kisha ukwangue kwa mwiko. Masizi ya nje yanazuiwa mapema: paka sabuni ya kipande chini na pembeni kabla ya kuiweka motoni, yatatoka na maji.

Kwa hali yako

Mko wawili au watatu na mnapikia resho: 22. Wali na mboga zitatoka sawa, na umeme hautapotea kwenye chuma kitupu.

Mko wanne au watano, moto ni mbabula ya kawaida au resho, wageni wanakuja mara chache: 24. Ikiwa mbabula ni pana na mko sita, 26.

Mko saba au wanane kila siku, maharagi na sombe ndiyo chakula chenu, mbabula ni imara na kuna wa kusaidia kuinua: 28. Ikikosekana moja kati ya hizo nne, rudi kwenye 26 na ukubali kupika mara mbili siku ya wageni.

Mko wengi zaidi ya hapo, au unauza chakula: 30, juu ya mafiga.

Kama nyumbani tayari kuna sufuria kubwa ya alumini inayotosha ukoo, usinunue kokoti kubwa ya kushindana nayo. Maharagi na fufu viache huko, na ya 22 au 24 iwe ya nyama na michuzi.

Na kama bado unasita kati ya mbili, subiri jioni mboga ikiwa tayari. Weka alama kwa mwiko mahali ilipofikia kwenye sufuria unayotumia sasa. Ukishaosha, mimina maji mpaka kwenye alama hiyo ukihesabu kwa chupa, kisha ongeza theluthi moja ya jibu. Lita 3 zinakuwa 4, hiyo ni ya 24. Lita 5 zinakuwa 6 na nusu hivi, hiyo ni ya 28. Fanya hivyo siku tatu tofauti, na hata moja isiwe Jumapili.